Ushairi Urudi Sebuleni

Yapo madai mawili yanayorudiwa mno katika baraza zetu za ushairi. La kwanza ni kwamba maisha ya ndani ya nyumba, yaani ua lililopandwa katika kopo, televisheni ya jioni na kitabu cha kabla ya usingizi, ni mambo mepesi yasiyostahili vina na mizani. La pili ni kwamba hata tukitaka kuyaandika, Kiswahili hakina maneno yake, kwa kuwa mambo hayo ni ya kigeni. Nayakataa yote mawili. La kwanza linaisahau historia ya ushairi wetu; la pili linakisingizia Kiswahili uvivu wa watumiaji wake.

Nianze na ua. Duniani kote, wapendao kupanda maua ndani ya nyumba wanalijua ua dogo la rangi ya urujuani, lenye majani ya manyoya laini, linalokaa dirishani pasipo jua kali. Wajerumani hulinasibisha na Usambara, Waingereza na Afrika nzima. Mwaka 1892 Baron Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa serikali ya kikoloni huko Tanga, alilipeleka kwao Ujerumani. Mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akaliingiza katika vitabu vya sayansi kwa jina la familia ya ofisa huyo, Saintpaulia. Ndugu yake mmoja huota hapa kwetu, katika misitu ya ukungu ya Milima ya Uluguru. Naye alipewa jina mwaka 1900: goetzeana, kwa heshima ya Walter Goetze, Mjerumani aliyekusanya mimea milimani humo. Mwaka 2015 wataalamu wakaihamishia jamii yote hiyo katika kundi jingine, Streptocarpus. Kila safari ya kubatizwa, mshairi wa Kiswahili hakuwapo, na wala hakuulizia.

Halafu tunaambiwa kwamba maua ya ndani ni uzungu! Upo mmea mwingine wa majani mazito yanayong'aa, unaopambia maofisi na sebule za Ulaya. Huota wenyewe kuanzia Kenya hadi Afrika Kusini, Zanzibar ikiwemo, na kwa Kiingereza huitwa kito cha Zanzibar. Majina ya milima na visiwa vyetu yamo madirishani mwa watu wa mbali. Madirishani mwetu, mimea ileile tunaiita "maua ya ndani" na kunyamaza. Katika mashairi, kwa upande mwingine, tunaendelea kumwita kila mpenzi waridi au asumini. Sina ugomvi na waridi. Nina ugomvi na mshairi wa Morogoro anayeifungua dirisha, akauona mlima mzima wenye mimea isiyopatikana kwingine duniani, kisha akarudi mezani kuazima ua kutoka katika shairi la mwenzake.

Sidai kwamba wenyeji wa Uluguru hawana jina la ua lile. Nadai kwamba sisi tunaojiita walinzi wa lugha hatujapanda kwenda kuwauliza. Kiluguru kimekaa na misitu hiyo kabla ya Goetze kuzaliwa. Na mjini tunacho Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, tangu mwaka 1984, chenye watu wanaoijua mimea hiyo jani kwa jani. Ushairi unaotaka msamiati una pa kuanzia.

Sasa nijibu lile la upungufu wa maneno. Mitambo ya televisheni ya analojia ilipoanza kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, kila nyumba ilihitaji chombo cha kupokea matangazo ya dijitali. Neno king'amuzi likaenea nchini kwa kasi ya ajabu. Mama lishe alilitamka, fundi alilitamka, mtoto aliyetumwa kulipia alilitamka. Halikuenea kwa sababu ni zuri kuliko mengine, ingawa ni zuri. Lilienea kwa sababu watu walikishika kitu chenyewe, wakakilipia, wakakigombania. Lugha hupata neno pale mkono unapogusa. Mshairi asiyegusa chochote nyumbani mwake asilalamike kwamba lugha imemnyima.

Na televisheni yenyewe imetupita. Mwaka 2011 TBC ilionyesha tamthilia ya Kichina iliyotiwa sauti za Kiswahili, "Doudou na Mama Wakwe Zake". Ugomvi wa jikoni, kiburi cha mkwe, hesabu za mshahara usiotosha, vyote vilisemwa kwa lugha yetu, na watazamaji wakajiona humo. Kabla ya hapo hayati Lufufu alikuwa amekwisha kuzisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili cha mtaani kilichochangamka. Hawa walikifanyia kazi Kiswahili cha sebuleni, huku baadhi yetu tukiandika kwa mara ya mia kuhusu bahari ambayo hatujawahi kuivuka.

Likabaki dai la wepesi. Msemaji wake na aurudie Utenzi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858. Unazungumzia nini? Mama mgonjwa anamuusia bintiye: imani, adabu, mume, mwenendo wa nyumba. Mawaidha yake mtu anaweza kubishana nayo leo, lakini hakuna aliyethubutu kuuita utenzi huo mwepesi kwa kuwa umekaa ndani ya kuta nne. Muyaka bin Haji wa Mombasa husifiwa kwa kuutoa ushairi msikitini akaupeleka sokoni. Basi kutoka sokoni hadi sebuleni pana umbali gani? Ni sisi tulioufunga mlango, tukauacha ushairi nje ukihubiri uwanjani.

Tazama pia neno lenyewe la mambo haya. Wengi wetu husema hobi. Kenya, shuleni, walifundisha uraibu. Tanzania neno hilo leo limeelemewa na habari za dawa za kulevya. Lakini uraibu wa wazee wa Pwani ulikuwa tambuu na vikolezo vyake, kitu cha kutafuna taratibu mgeni akiwapo. Neno lenye historia ya ukarimu namna hiyo tumeliacha lipotee upande mmoja, kwa sababu hakuna malenga aliyelitetea.

Kinachopotea si neno tu. Misitu ya Uluguru, inayoulisha Mto Ruvu na kuinywesha Dar es Salaam, inapungua. Na wazee wanaoijua mimea yake kwa majina wanapungua pia. Jina lisilotiwa katika wimbo, hadithi au kamusi huzikwa na aliyelijua. Hapo hata mtu akiliona ua lile kopo kwa kopo, atabaki na jina la ofisa wa Tanga peke yake.

Kwa hiyo nawataka malenga wenzangu, hasa wa Morogoro, tufanye jambo moja. Aprili ni mwezi wa masika. Mvua hutufungia ndani, na mlima hujifunika ukungu. Mwezi una siku thelathini. Kila siku ubeti mmoja juu ya kitu kilichomo nyumbani: kopo la maua, rimoti, kitabu kilichokunjwa ukurasa. Pasiwe na waridi la kuazima. Natoa wangu wa kwanza:

Ua limo dirishani, kopo limetobolewa,
Lilitoka milimani, na ukungu lalelewa,
Likaenda ugenini, jina geni likapewa,
Leo limo sebuleni, lini litatambuliwa?

Beti ishirini na tisa zilizobaki ni zenu.