Kishikio ni bora kuliko kulehemu betri upya

Ushauri wa kulehemu betri mpya ya kumbukumbu ya redio palepale ilipotoka ya zamani naupinga. Betri ya lithiamu ya volti 3, ile bapa kama sarafu, haivumilii moto: ukiilehemu moja kwa moja unaiharibu ndani, na inaweza hata kupasuka. Bora kulehemu kishikio cha betri mara moja tu. Miaka ijayo betri itabadilishwa kwa vidole. Wapo wanaosema kishikio hulegea kwa mtikisiko. Kwa redio ya garini hoja hiyo ina uzito, na hapo inafaa betri iliyotoka kiwandani ikiwa na miguu yake. Kwa redio ya mezani sioni sababu.

Tahadhari kubwa zaidi ni kwa redio za Icom za miaka ya 1980 kama IC-751 na IC-R71. Humo betri hailindi masafa yaliyohifadhiwa tu, bali programu yenyewe inayoiendesha redio. Umeme ukikatika kwenye kadi ya kumbukumbu inayolishwa na betri hiyo, redio haifanyi kazi hadi programu ipakiwe upya. Kwa hiyo, kabla ya kuing'oa betri ya zamani, unganisha sambamba nayo chanzo kingine cha volti 3 kupitia dayodi, na uchomoe kifaa cha kulehemu ukutani kabla hakijagusa kadi.