Ganzi ya Miguu Isisingiziwe Sukari Peke Yake

Mgonjwa wa kisukari anapoanza kuona ganzi miguuni, neno la kwanza analoambiwa ni kwamba sukari imempanda. Mara nyingi neno hilo ni la kweli, kwani sukari ikizidi katika damu huharibu mishipa ya fahamu. Lakini si kweli siku zote, na hapo ndipo penye hatari.

Metfomini ni dawa inayotumiwa mno duniani kutibu kisukari cha aina ya pili. Ni dawa nzuri na ya bei nafuu. Hata hivyo, tangu miaka ya 1970 waganga wamefahamu kuwa ikitumiwa kwa muda mrefu huweza kupunguza uwezo wa utumbo kufyonza vitamini B12. Kwa kuwa ini huweka akiba ya vitamini hiyo ya kutosha miaka kadhaa, upungufu huingia polepole bila kubisha hodi. Hatimaye huleta ganzi, michomo ya nyayo, kuyumba na upungufu wa damu. Dalili hizo za miguu hufanana sana na zile za kisukari chenyewe. Mgonjwa huenda akaongezewa dawa ileile inayompunguzia vitamini, huku mishipa yake ikiharibika hadi pasipo tiba. Na mguu wenye ganzi hausikii mwiba. Kidonda huanza bila mwenyewe kujua.

Ndiyo sababu mwaka 2022 idara ya Uingereza inayosimamia usalama wa dawa iliwataka waganga wawapime vitamini B12 watumiaji wa metfomini wenye dalili hizo. Tahadhari hiyo haipaswi kuwa ya watu wa Ulaya peke yao. Kipimo chake ni cha damu, na tiba yake ni sindano au vidonge vilivyojulikana kwa miaka mingi. Vitamini hiyo hupatikana katika nyama, maini, samaki, dagaa, mayai na maziwa. Haimo katika ugali, maharage wala mchicha. Mzee aliyekunywa metfomini kwa miaka 10, na ambaye kitoweo chake ni mboga za majani, ndiye wa kuangaliwa kwanza.

Pamoja na hayo, wananchi hawana budi kujihadhari na wachuuzi wanaonadi vitamini kuwa zinaponya au kuzuia kisukari. Utafiti uliotangazwa Marekani mwaka 2019, uliohusisha watu 2,423 waliokuwa katika hatari ya kupata kisukari, haukuthibitisha kuwa vidonge vya vitamini D viliwakinga. Vitamini huziba pengo la vitamini. Haishiki nafasi ya dawa. Hivyo asiwepo mgonjwa wa kuacha metfomini bila shauri la mganga.

Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwafikia Watanzania wapatao milioni mbili kwa njia ya redio na vikundi vya masomo, na mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Kisukari nacho kinadai elimu ya namna hiyo. Walimu na watumishi wa serikali, ambao husikilizwa vijijini na mitaani, wana wajibu wa kuianza katika nyumba zao wenyewe: kumhimiza kila mzazi na kila ndugu anayetumia metfomini aeleze ganzi yake kliniki, na aulize kama vitamini B12 yake imepimwa. Swali hilo halina gharama, lakini mguu ukishakatwa haurudi.