Takwimu za Ukimwi: Fedha zifuate asilimia au watu?

UTAFITI wa mwaka 2022/23 ulionyesha kuwa asilimia 4.4 ya Watanzania wenye umri wa miaka 15 na zaidi wanaishi na VVU. Mkoa wa Njombe uliongoza kwa asilimia 12.7. Ni rahisi kuhitimisha kwamba fedha ziende huko kwanza.

Hesabu haiishii hapo. Sensa ya mwaka 2022 ilikuta watu 5,383,728 Dar es Salaam na 889,946 Njombe. Hata kama kiwango cha jiji kingekuwa theluthi moja tu ya kile cha Njombe, idadi ya wanaohitaji dawa jijini ingekaribia mara mbili.

Ndani ya jiji nako wastani huficha mengi. Mwaka 2011 wakazi wa Tandale, Kinondoni, na wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi walichora ramani ya kata hiyo, vichochoro kwa vichochoro. Hata hivyo, ramani haioni kila kitu. Mkazi anayeogopa macho ya majirani huweza kuchukua dawa Temeke, na rejesta ya zahanati ya mtaani kwake isimwonyeshe kabisa.

Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na udhaifu wa kutegemea wafadhili ukadhihirika. Fedha zinapopungua, makosa ya mgawanyo huwa ghali zaidi. Takwimu hazina budi kushuka hadi ngazi ya kata, zihesabu mahali watu wanapoishi na wanapotibiwa, huku jina la mgonjwa likibaki kliniki.