Staa Wetu, Kabla Hujatupigia Debe "Dawa ya Gia", Muulize Fundi wa Mwembesongo

Haya wadau wa Mji Kasoro Bahari, leo tuweke pembeni nani kaachana na nani. Kuna staa mmoja, jina kapuni, kavuta Land Rover ya kizamani, Siriz Tuu, kaipiga rangi upya na sasa haishi kujirekodi nayo. Gari kali, hapo simpingi. Tatizo ni ile video anamimina kopo la "dawa ya gia" kwenye gia boksi, halafu anawaambia mashabiki: gia ikikwaruza, kopo moja tu, kwisha habari.

Mimi nasema wazi, huo siyo ushauri, ni tangazo. Na watakaolipia ni wale wanaoendesha vyuma walivyoachiwa na wazee wao.

Twende taratibu. Siriz Tuu na mdogo wake, Tuu-A, zilitoka kati ya 1958 na 1971. Kwenye gia boksi zake, gia ya 3 na ya 4 ndizo zenye sinkronaiza. Ya 1 na ya 2 hazina. Gia zote za mbele zilikuja kuwekewa kwenye Siriz Thrii, 1971. Kwa hiyo ukiingiza gia ya 2 kwa pupa bila kukanyaga klachi mara mbili, itakwaruza tu. Siyo ugonjwa, ndivyo ilivyozaliwa. Kopo gani litaongeza kifaa ambacho kiwandani hawakukiweka?

Na kwenye zile gia zenye sinkronaiza? Ile ringi ya shaba kazi yake ni kusugua kidogo, ili pande mbili zizunguke kwa kasi moja kabla hazijashikana. Ukiongeza dawa ya kulainisha kupita kiasi, ringi inateleza na gia inakwaruza kuliko mwanzo. Dawa nyingine zina salfa inayoweza kuila shaba taratibu. Ndiyo maana kwa gia boksi kama hizi inashauriwa oili iliyoandikwa GL-4, ambayo tayari ina dawa zake za kutosha. GL-5 ina dawa nyingi zaidi za kuhimili presha, na inalenga hasa difu. Watu wakiona 5 wanadhani imeizidi 4. Hii siyo simu, wanangu.

Najua kuna atakayesema, "Mbona mimi nilitia na kelele zikapungua?" Sawa kabisa. Dawa nzito inaifanya oili iwe nzito, na mlio wa beringi iliyochoka unafifia. Lakini beringi bado imechoka. Ni sawa na kufungulia muziki mkubwa ili usisikie injini inavyogonga.

Kwa sisi tunaoishi chini ya Uluguru, hili siyo suala la kelele tu. Gari likishuka kutoka Mgeta na mzigo, dereva anaitegemea gia ilizuie, maana breki peke yake zitachemka. Gia ikichomoka pale kwenye kona, hakuna filta ya kuficha.

Kinachoniuma zaidi ni fundi. Gia boksi ikifa, kopo halilaumiwi. Utasikia tu "mafundi wa Moro wababaishaji". Yule fundi wa Mwembesongo aliyesema tangu siku ya kwanza "tumwage oili kwanza tuione" anaonekana mshamba, wakati yeye ndiye aliyekuwa sahihi.

Angalia klachi kwanza, maana isipoachia vizuri, hata gia boksi mpya itakwaruza. Halafu fungua nati ya chini, mwaga oili kwenye beseni. Ikiwa pungufu, tafuta inapovujia. Unga laini kidogo ni uzee wa kawaida. Ukikuta vipande vya chuma, shusha gia boksi, acha kutafuta kopo.

Staa wetu, hela ya tangazo kula, hatuna wivu. Ila waambie watu ni tangazo. Na siku ukishusha gia boksi, rekodi na hiyo pia, umwonyeshe na fundi uso wake. Tutalike wote.

Wenye vyuma vya zamani, mnaweka oili gani? Semeni hapo chini, matusi pembeni.