Reakta ndogo inavujisha zaidi: mchimbaji ajue nini?

Ndugu zetu wa migodi, siku hizi maneno ya nyuklia yamerudi. Mu Juni 2025 Banki ya Dunia ilifungua tena mlango wa kukopesha feza kwa umeme wa nyuklia, mlango uliofungwa miaka mingi. Hapa jirani, mu Septemba 2023 Rwanda ilitia sahihi na kampuni Dual Fluid juu ya reakta moja ya kujaribia. Wakubwa wanasifu reakta ndogo: eti zinajengwa haraka, zinafaa inchi zenye umeme kidogo. Na huku kwetu, neno uraniamu likitajwa tu, watu wanauliza: Shinkolobwe je, watafungua tena?

Sisi wa sendika hatusemi nyuklia ni mbaya ao ni nzuri. Tunasema: kabla ya kupiga makofi, tujue kitu kimoja chenye wauzaji hawapendi kukisema sana. Udogo uko na bei yake, na ile bei inaanzia kwenye umbo.

Mama yeyote mwenye mbabula anajua nusu ya somo hili. Makala ikikusanyika katikati, kipande kimoja kinawasha kingine na moto unashika. Uitandaze kwenye bati pana, kila kipande kinatupa joto lake kwenye hewa, moto unazimika. Makala ni ile ile, kilo ni zile zile. Ndani ya reakta, chenye kupita toka kipande hadi kipande ni neutroni. Atomu ya uraniamu ikipasuka inatoa neutroni mbili ao tatu. Ili kazi iendelee, moja kati yazo lazima ipasue atomu ingine. Zingine zinamezwa na vyuma na maji. Zingine zinafika pembeni na kutoka inje: zile ndizo zimevuja.

Neutroni zinazaliwa mu tumbo lote la kiini, lakini zinatokea kwenye ngozi. Basi swali ni: ngozi ni kubwa namna gani ukilinganisha na tumbo? Mpira ndio wenye ngozi ndogo kupita umbo lote lingine. Sanduku la pande sawa, lenye ujazo ule ule, liko na ngozi inayopita ya mpira kwa asilimia 24. Sahani pana na bomba jembamba ni mbaya zaidi. Lakini kupanga vyuma virefu vya mafuta mu umbo la mpira ni vigumu, ndiyo maana mainjinia wanachagua pipa lenye urefu wa karibu sawa na upana wake.

Sasa tupunguze lile pipa. La mita 3 kwa 3 liko na mita 2 za mraba za ngozi kwa kila mita moja ya ujazo. La mita 1 kwa 1 liko na 6. Umbo halikubadilika, lakini mlango wa kutokea umekuwa mara tatu.

Wenye kutengeneza wanajibu kwa njia mbili. Ya kwanza, wanazungusha kiini na ukuta wa grafiti, wa chuma ao wa maji, wenye kurudisha neutroni ndani. Ule ukuta unapigwa kila siku, na mwisho wake unakuwa takataka yenye mionzi. Mu 2022 watafiti wa vyuo vikuu vya Stanford na British Columbia waliandika kwamba reakta ndogo zinaweza kuzidisha wingi wa takataka mara 2 hadi 30, na walitaja kuvuja huku kama sababu. Wenye makampuni walibisha hesabu zile.

Njia ya pili ni kutia mafuta yenye nguvu zaidi, na hapo ndipo mchimbaji anaingia. Kilo moja ya mafuta ya kawaida, ya asilimia 4.5, inaomba karibu kilo 9 za uraniamu ya asili. Kilo moja ya karibu asilimia 20, yenye reakta nyingi ndogo zinataka, inaomba karibu 42. Ni kweli, kilo hiyo inaweza kuwaka muda mrefu zaidi, kwa hiyo hesabu ya mwisho si kali hivyo. Lakini zile 42 zinatoka mu udongo, na kuna mtu wa kuzitoa.

Tena umbo linaweza kuua. Tarehe 30 Septemba 1999, kule Tokaimura, Japani, wafanyakazi watatu wa kampuni JCO walikuwa wanatengeneza maji ya uraniamu ya asilimia 18.8. Kulikuwa chombo kirefu, chembamba, kilichofanywa vile makusudi ili neutroni zivuje na moto usishike. Lakini kinachelewesha kazi. Wao walimimina kwa ndoo mu tangi pana. Mpaka ulikuwa kilo 2.4, zikafika karibu 16. Neutroni zikakosa njia, na maji ya kupoza yaliyozunguka tangi yakazirudisha ndani. Moto ule ulidumu karibu saa 20, ukashindwa tu walipoyatoa maji yale. Wafanyakazi wawili walikufa. Ndoo ilikuwa imeandikwa mu kitabu cha kampuni yenyewe, bila ruhusa ya serikali, na wale watu hawakufundishwa ile hatari.

Sisi tunajua kazi ya bila kuelezwa. Uraniamu ya Shinkolobwe ilienda mu bomu la Hiroshima kwa siri. Mu 2004 serikali ilifunga ile site, na mpaka leo maswali ya wazee hayajajibiwa.

Kwa hiyo, mtu akija na habari ya reakta ndogo ao ya kufungua uraniamu, wadelege wetu waulize hivi, na majibu yaandikwe: Mafuta yatakuwa ya asilimia ngapi, na uraniamu itatoka wapi? Takataka ya ukuta itazikwa inchi gani? Nani atapima mionzi kwenye mwili wa mfanyakazi, na yule mfanyakazi ataona karatasi ya vipimo vyake kila mwezi?