Lori Linalotuletea Hewa

Lori lipandalo kuja Dongobesh, liwe limepitia Karatu na Mbulu mjini ama limekwea ukingo wa Bonde la Ufa kwa njia ya Dareda, aghalabu huwa na masanduku ya sabufa miongoni mwa shehena yake, na kila niyaonapo yakishushwa mbele ya maduka hunijia fikira ambayo zamani niliiona ya mzaha, hata nilipoipima kwa rula ikadhihirika kuwa ni hesabu: sehemu kubwa ya mzigo ule, uliolipiwa nauli toka mbali, si kitu ila hewa. Sumaku, koili ya waya na karatasi iliyofinyangwa mfano wa faneli huenea katika kikapu cha sokoni. Yaliyobaki ni kasha tupu la ubao wa vumbi lililogandishwa kwa gundi, ambalo likinyeshewa mara moja hufura kama andazi, nasi twaliagiza ng'ambo katika mji ambao seremala hatafutwi kwa tochi.

Wako wadhanio kuwa kasha ni pambo. Hasha. Ichukue spika tupu, uiunganishe na redio, nawe utasikia sauti nyembamba kama ya mbu. Kisha ibane katika tundu la ubao mpana, na mara ile hutokea uzito wa ngoma, ilhali umeme haukuongezwa hata chembe. Sababu yake ni kwamba karatasi isukumapo hewa ya mbele huwa yaipunguza ya nyuma, na mawimbi ya sauti nzito, kwa kuwa hayana taabu ya kupinda, huuzunguka ukingo yakakutana na wenzao wa upande wa pili, yakafutana. Chester Rice na Edward Kellogg, walioieleza spika ya namna hii huko Marekani mwaka 1925, walilijua jambo hilo. Na mwaka 1954 Edgar Villchur alionyesha ya kuwa hewa iliyofungiwa katika kasha dogo lisilovuja yaweza kuwa ndiyo springi ya karatasi yenyewe. Hewa, basi, ni nusu ya chombo. Lakini hewa ya Dongobesh, iliyo baridi na tele, haijapata upungufu wa kutulazimu kuiagiza.

Nilipoazimia kujitengenezea jozi yangu, kwa spika za inchi 8 nilizozitoa katika redio kuukuu, nilitaka fahari ya mbao tupu, nikachagua mgrevilea kwa ajili ya mistari yake mizuri. Fundi aliitazama mbao, akaigonga kwa kidole, akasema, "Mzee, hii bado inakunywa maji." Sikumsikia, kwa kuwa nilikuwa na haraka ya mtoto na ukaidi wa mtu mzima. Ulipovuma upepo mkavu wa Agosti, mbao zilisinyaa kwa upana, maungio yakaachana, na kasha likawa likipiga mluzi kila tarumbeta inapolia. Kasha lile leo ni kiota cha kuku wa jirani, ambaye huingilia tundu la spika bila ya kubisha hodi.

Jozi ya pili tuliijenga kwa plaiwudi ya milimita 18, ambayo matabaka yake hupishana mwelekeo hata moja humzuia mwenziwe asisinyae, na mgrevilea, uliokwisha kukauka, tukauweka nje katika pembe na fremu tu. Kwa ndani kasha lina sentimita 24 kwa 25 kwa 40, yaani lita 24, ambazo ni debe na ziada kidogo. Maungio tuliyaziba kwa gundi iliyochanganywa na vumbi la randa, na ndani tukatia pamba ya godoro. Mtihani wa kasha hauhitaji mashine: ibonyeze karatasi taratibu kwa vidole, na ikiwa yarejea polepole, kasha halivuji. Kisha zigusishe nyaya na betri ya tochi. Spika zote mbili lazima zichomoze upande mmoja, maana ikiwa moja yatoka na nyingine yaingia, sauti nzito hutoweka baina yao.

Niliyoyasikia humo yalinibadili rai. Tumezoea kuisifu spika kwa jinsi inavyotikisa bati, na ndiyo sababu katika mikutano na ibada zetu nyingi kishindo hufika hata ng'ambo ya korongo, nayo maneno yasifike hata safu ya tatu. Kwangu mizani ya spika ni sauti ya binadamu. Wairaqw wana slufay, dua ya maneno teule ambayo mnenaji mmoja huitoa na wenziwe humwitikia. Chombo kinachoyameza maneno hayo na kuacha mngurumo, kina faida gani kwa watu hawa?

Sidai kwamba kujitengenezea ni rahisi kwa bei, kwani plaiwudi nzuri ina gharama na ujira wa fundi ni haki yake. Wala siwalaumu wanaonunua sabufa, maana hupata na kikuza sauti ndani yake. Ila nchi ambayo mpingo wake wa Kilwa na Lindi husafirishwa ukawe klarineti katika bendi za Ulaya haiwezi kusema kuwa kasha la pande 6 limeishinda. Kinachotukwamisha ni kwamba seremala hukaa kwake na fundi redio hukaa kwake, nao hukutana mnadani tu.

Ombi langu ni kwa wenye maduka. Watuletee spika tupu, na kila moja iandamane na karatasi ya vipimo vyake. Kwani tangu Neville Thiele wa Australia alipoandika kanuni zake mwaka 1961, vipimo hivyo ndivyo humwambia fundi kasha liwe na lita ngapi, na asipovipata hubaki kukisia. Lori lilelile la Dareda litazibeba nyingi kwa safari moja, na fundi wangu, ambaye sasa huomba betri ya tochi kabla ya kuomba msasa, amekwisha kuniuliza mara mbili zitafika lini.