Kusamehe Si Kurudi Chini ya Fimbo

Mara nyingi mtu aliyeumizwa huingia kwenye kikao cha wazee wa kanisa na kidonda, akatoka na amri: samehe, yaishe. Hoja anazosukumwa nazo ni zilezile kila mahali, na zinahitaji kujibiwa.

Ya kwanza: kusamehe ni kusahau. Yusufu hakusahau. Ndugu zake walipofika Misri kutafuta nafaka aliwatambua, akawaita wapelelezi, akamfunga Simeoni, kisha akafanya kikombe chake kionekane kwenye gunia la Benyamini. Yuda alipojitoa abaki mtumwa badala ya mdogo wake, yeye aliyewahi kushauri Yusufu auzwe, ndipo Yusufu akalia na kujitambulisha. Aliwapenda, lakini aliwapima kwanza.

Ya pili ni ile ya saba mara sabini. Wanaoitaja huanzia katikati ya Mathayo 18. Kabla Petro hajauliza asamehe mara ngapi, Yesu ameshaweka utaratibu: mwendee aliyekukosea mkiwa wawili tu; asiposikia, chukua mashahidi; akikaidi, liambie kanisa. Kosa linatajwa kwanza. Kanisa linalomnyamazisha mlalamikaji limeruka nusu ya sura.

Wengine husema kinyume: hajaomba radhi, kwa hiyo sina la kumsamehe. Hapa namkumbuka Festo Kivengere, askofu wa Kigezi, Uganda, aliyewahi kufundisha Dodoma. Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa chini ya utawala wa Idi Amin, na Kivengere na mkewe wakavuka milima kwa miguu kuingia Rwanda. Mwaka huohuo alitoa kitabu ambacho jina lake lilitangaza kwamba anampenda Amin. Amin hakuwa ametubu lolote. Kivengere hakungoja, kwa sababu chuki ilikuwa inamla yeye mwenyewe. Lakini tazama alichofanya na miguu yake: alibaki uhamishoni, akaendelea kuyasema maovu ya utawala ule, akarudi nyumbani mwaka 1979 Amin alipokwisha kuanguka. Msamaha aliutoa peke yake. Kupatana kulihitaji mtu wa pili, na mtu huyo hakutokea. Sioni upungufu wowote katika msamaha wake.

Nayo hoja ya kwamba aliyesamehe haendi polisi ndiyo inayoniumiza zaidi, maana huwaangukia wake wanaopigwa na watoto walionajisiwa. Mehmet Ali Ağca alimpiga risasi Papa Yohane Paulo II tarehe 13 Mei 1981. Papa alimsamehe, na Desemba 1983 akamfuata gerezani wakazungumza. Kisha Papa akaondoka, Ağca akabaki ndani. Alikaa magereza ya Italia hadi mwaka 2000. Basi mzee wa kanisa anayemwambia mama ayamalize nyumbani anadai kitu ambacho msamaha haukudai hata kwa Papa.

Mwisho, wanasema machozi yanatosha. Zakayo hakutegemea machozi. Aliahidi kurudisha mara nne kwa kila aliyemdhulumu, na nusu ya mali yake iende kwa maskini. Mweka hazina aliyekula akiba za akina mama akilia madhabahuni, apokelewe kwa upendo. Halafu, kabla kikao hakijafungwa kwa sala, iandikwe atalipa kiasi gani, kwa nani, na kufikia tarehe gani.